Ukitaka kumkinga mwanafunzi na bangi, ulizia marejesho ya mkopo wa mama yake

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya sekondari ya kutwa, upande wa Temeke, Dar es Salaam. Kwenye ratiba nafundisha biolojia. Unasihi niliongezewa, kama walivyoongezewa wengi wenu. Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu aliyekabidhiwa kazi hii Jumatatu asubuhi bila semina wala bajeti, na mjumbe wa bodi ya shule ambaye kila kikao anauliza, "Hawa watoto wanaovuta tuwafanyeje?" Kazi ya darasani ipo na nitaieleza. Lakini mzigo mkubwa uko kwa mzazi aliyechoka, na huko ndiko shule zetu haziendi kabisa, au zinakwenda na fimbo.

Usianze kwa kutisha

Unajua siku ya dawa za kulevya inavyokuwa. Shule nzima inasimama juani. Anakuja askari na kisanduku cha sampuli, au kijana aliyewahi kuwa teja anasimulia alivyouza vitu vya nyumbani kwao mpaka masufuria. Wanafunzi wanasikiliza kwelikweli, maana hadithi ni tamu. Wakirudi darasani, wamejifunza unga (heroini) unafananaje, na kwamba mtu akiharibikiwa anaweza kupona akapewa kipaza sauti.

Wamarekani walilijaribu hili kabla yetu. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles na shule za jiji hilo walianzisha mpango wa D.A.R.E., ambapo askari mwenye sare anaingia darasani kufundisha. Ukaenea nchi nzima. Mwaka 1994 watafiti walikusanya tathmini zake pamoja, wakaona haukupunguza matumizi ya dawa kwa kiasi cha kujivunia. Mwaka 1999 ukatoka utafiti mwingine uliowafuatilia wanafunzi kwa miaka 10, na hapo waliopita kwenye mpango na wasiopita walikuwa sawasawa. Viwango vya kimataifa vya kinga vya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, vilivyotolewa mwaka 2013 na kupitiwa upya pamoja na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, vinataja mihadhara, vitisho, ushuhuda wa waliowahi kutumia na askari kufanywa walimu kuwa ni njia zisizosaidia, na wakati mwingine zinazodhuru.

Kama mgeni ameshaalikwa, usigombane na mkuu wa shule. Omba mgeni huyo azungumze na walimu na wazazi. Hao ndio wanaohitaji kujua arosto, yale mateso ya kuikosa dawa, inavyomtesa mtu, na kwamba tiba ipo.

Uliza kwa karatasi isiyo na jina

Kabla hujafundisha chochote, jua hali ya kidato chako. Pata ruhusa ya mkuu wa shule kwanza, na mweleze kuwa hutafuti wahalifu. Gawa vikaratasi vinavyofanana na kalamu za rangi moja. Mwanafunzi haandiki neno lolote, anaweka vema au anazungushia namba tu, maana sisi walimu mwandiko tunaujua. Swali la kwanza: ndani ya siku 30 zilizopita umetumia kipi kati ya hivi: sigara, pombe, bangi, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), mirungi, kubeti? (Usiache kubeti. Kwa watoto wangu mashine za kamari, za dubwi, zimeharibu wengi kuliko mirungi, na mzazi hawezi kuunusa mkeka wa kubeti mdomoni.) Swali la pili: kati ya wanafunzi 10 wa kidato chako, unadhani wangapi wametumia kila kimoja? Karatasi zikusanywe na mwanafunzi kwenye boksi lililofungwa, nawe kaa mbali.

Linalokupa kazi ni swali la pili. Vijana hudhani wenzao wanatumia kuliko ilivyo kweli. Anayevuta anaonekana na anasemwa. Asiyevuta hasimuliwi na mtu. Kwa hiyo mtoto anavuta ili asiwe peke yake, wakati wengi wako upande wake. William Hansen na John Graham walichapisha mwaka 1991 utafiti uliofanyika shule za California, wakaonyesha kuwa kusahihisha dhana hiyo kunafanya kazi kuliko kumfundisha mtoto kusema "hapana" peke yake.

Basi kipindi kinachofuata, andika ubaoni makadirio yao na hesabu halisi, kisha nyamaza. Watabishana wenyewe. Ila hesabu halisi ikiwa kubwa, usiiandike hata kidogo. Utakuwa umewatangazia kwamba kuvuta ndiyo kawaida. Na kama kidato ni kidogo kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kujulikana, unganisha madarasa mawili.

Vipindi viwe vya kutenda

Unahitaji vipindi kadhaa, kimoja kwa wiki, si siku moja ya shamrashamra. Mpango wa Unplugged, wa kinga ya dawa za kulevya shuleni, uliojaribiwa katika nchi 7 za Ulaya, una vipindi 12 kwa wanafunzi wa kuanzia miaka 12 hadi 14. Sisi hatutapata vipindi 12. Nusu yake inatosha kuanzia, mkitumia muda wa klabu, mradi wanafunzi waongee kuliko wewe.

Igizo ndilo kiini. Waache waandike maneno wenyewe, maana yako yatachekwa. Mimi nilikuwa na sentensi yangu nzuri, "Rafiki, madhara ya bangi ni makubwa," na darasa lilivunjika mbavu. Yao yalikuwa hivi: "Oya mwana, pafu moja tu, au unaogopa mshua?" Na majibu: "Mshua ana pua hatari, nikipita mlangoni tu nimekwisha." "Jioni nina mechi, nikivuta napumua kama mzee." Zingatia kwamba hakuna anayehubiri. Kila jibu linamwachia mtoto heshima yake kijiweni, na ndiyo maana anaweza kulitumia. Warudie mpaka maneno yatoke bila kufikiri, na wabadilishane nafasi, hata yule mnayemshuku awe wa kukataa.

Usichukue mpango wa watu na kuubandika ulivyo. Unplugged huohuo ulipopelekwa Brazil, wanafunzi waliofundishwa walianza pombe kwa wingi kuliko ambao hawakufundishwa. Nadhani ndiyo tahadhari kubwa kuliko zote katika fani hii: unaweza kuingia darasani kwa nia njema ukamfungulia mtoto chupa. Ndiyo sababu ya vile vikaratasi, na ndiyo sababu utavirudia.

Kuna jambo halimo kwenye vitabu vya dawa za kulevya lakini linahusika: namna walimu wanavyomtendea mtoto kwa siku ya kawaida. Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio walilolifanya katika shule za sekondari za serikali hapa Tanzania. Walimu waliofunzwa njia nyingine za kukaa na wanafunzi walipunguza ukatili, wa kipigo na wa maneno. Mtoto anayedhalilishwa mbele ya darasa saa mbili asubuhi, saa nne hayupo. Yuko wapi? Yuko pale nyuma ya ukuta ambapo hakuna anayemuuliza kwa nini sare yake imechanika.

Sasa mzazi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, bei za mashamba Marekani zilikuwa zimeporomoka na wakulima wengi walibanwa na madeni. Mwanasaikolojia Rand Conger na wenzake wakazifuatilia familia 451 za vijijini katika jimbo la Iowa. Walichokiona kimerudiwa na wengine nchi nyingi. Umaskini hauendi moja kwa moja kwa mtoto. Unapita kwa mzazi. Pesa ikibana, mzazi anavunjika moyo. Akivunjika moyo, ugomvi na mwenzake unaongezeka. Ugomvi ukiongezeka, kwa mtoto anakuwa mkali au anakuwa hayupo hata akiwepo. Mtoto naye anatafuta pengine pa kuegemea.

Iowa ni mbali, lakini njoo Mbagala. Mama amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, ili akuze genge lake. Marejesho ni kila siku au kila wiki, mvua inyeshe, samaki waoze. Akikosa, wanakuja kuondoka na televisheni, na mtaa mzima unatazama. Anarudi saa tatu usiku, anakuta vyombo havijaoshwa na kijana amelala na simu. Anachokisema saa hiyo wewe unakijua, na umewahi kukisikia kwenu. Kijana anavaa ndala anatoka. Kijiweni wanamwita "mwanangu", wanamsogezea nafasi. Kuvuta kunakuja baadaye, kama malipo ya kiti.

Kwa hiyo unapomwita mama huyu shuleni kumwambia mwanawe anavuta, umempa deni jingine. Atalilipa usiku kwa mkanda. Fanya hivi.

Usimtume mtoto na "njoo na mzazi". Piga simu mwenyewe, na simu ya kwanza iwe na jema, hata dogo. "Shikamoo mama" akiwa amekuzidi umri, au "Mama Rama, habari za biashara?" kama mko rika moja. "Mimi mwalimu wake Rama. Hakuna baya. Jana alibaki kumsaidia mwenzake hesabu, nikasema nikwambie." Kata simu hapo. Wengi watakaa kimya kidogo, maana hawajawahi kupigiwa na shule bila kudaiwa kitu.

Simu ya pili ndiyo ya kuomba kuonana. Muulize yeye ana nafasi saa ngapi. Kama hawezi kuacha genge, nenda gengeni, saa za utulivu, wala usiende na daftari. Akija shuleni, msiweke meza katikati yenu. Kaeni upande mmoja, mlango ufungwe, na mwalimu wa nidhamu abaki nje hata kama ni rafiki yako.

Anza na yeye. "Nyumbani mko wangapi? Nani anakusaidia? Usingizi unaupata?" Hilo la usingizi linafungua mengi. Akianza kulia, mwache alie. Usimwambie "jikaze mama", ameshajikaza miaka. Ukisikia maneno ya kuchoka kuishi, hapo wewe si mtu wa mwisho: msindikize hospitali siku hiyohiyo, usimwachie apange mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo uombe ruhusa: "Naweza kukwambia kitu kuhusu Rama?" Sema ulichokiona, si unachokishuku. "Ametoroka vipindi vya mchana mara kadhaa wiki hizi" ni jambo mnaloweza kulishughulikia. "Mwanao mvuta bangi" ni tusi, hata kama ni kweli.

Kisha mpe kazi moja. Moja tu. Dakika kumi au kumi na tano za kukaa na mtoto kila siku bila kumuuliza shule, bila kumkosoa. Watamenya viazi vya chipsi pamoja, au atamsindikiza stendi. Wazazi hucheka wanaposikia hili, wanaona nimewapa kitu cha Kizungu. Lakini mpango wa malezi wa Sinovuyo Teen, uliojaribiwa Afrika Kusini katika jimbo la Eastern Cape, ulianzia hapohapo: kukaa na mtoto, kumsifia, kisha hasira, kisha kanuni za nyumbani, na baadaye bajeti ya familia na akiba. Walishiriki familia 552 katika vijiji na vitongoji 40, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Ukatili ulipungua, msongo wa walezi ulipungua, na matumizi ya pombe na dawa yalishuka kwa vijana na kwa walezi wenyewe. Mpango huo umeshaletwa Tanzania kwa jina la Furaha Teens.

Wazazi wengi watakuuliza, "Nimchunge vipi wakati sipo?" Wajibu kwa utafiti wa Uswidi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr waliuliza wazazi wa vijana wa miaka 14 wanayajuaje mambo ya watoto wao. Wengi wa wanaojua, wanajua kwa sababu mtoto amewaambia mwenyewe, si kwa sababu ya kumpekua mifuko. Mtoto hasimulii kwa mtu anayefoka. Kwa hiyo zile dakika kumi ndiyo uchungaji wenyewe. Maswali matatu ya jioni yanabaki, kwa sauti ya kawaida: unakwenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi.

Na ule mkopo? Usiukwepe eti si kazi ya mwalimu. Huna pesa ya kumpa, lakini unaweza kuwa na namba ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi na ina mlolongo, mwambie ukweli huo. Kuna mama ambaye kumsaidia kujaza fomu ile kulimpunguzia ukali nyumbani kuliko nasaha zangu zote.

Ukishawajua wazazi kadhaa, wakusanye. Wasizidi kumi, wa mtaa mmoja, muda waliouchagua wao. Weka chai na mihogo. Sharti la kufa na kupona: kikao hiki kisichanganywe na michango. Ada za serikali zilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini mzazi anajua barua ya shule ina maana gani, na siku utakayotaja pesa ya mlinzi au ya mitihani ya majaribio ndiyo siku ya mwisho kuwaona. Waache wasimuliane. Mama mmoja akisema "jana nilimtukana mwanangu hadi nikajiogopa", wengine hawahitaji mtaalamu.

Kina baba hawaji. Wafuate kwenye kijiwe chao cha bodaboda au msikitini baada ya Alasiri, ongea mpira kwanza. Akiwa anakunywa au anavuta yeye mwenyewe, usimwambie aache leo. Mwombe asimtume mtoto dukani kununua sigara. Hilo atalikubali, na ni mwanzo.

Mtoto ameshaanza

Macho mekundu peke yake si ushahidi. Wengine hawajalala, wengine wana mzio. Tazama mabadiliko: mwenye kelele amenyamaza, mwenye marafiki amebadilisha wote kwa mpigo, anauza madaftari. Usimpime mkojo wala kumpekua mbele ya wenzake. Kabla hajakueleza, mwambie siri utamtunzia, isipokuwa maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini. Mwambie hilo mapema; ukimgeuka baadaye, umepoteza yeye na wote anaoongea nao.

Pambana asifukuzwe. Shule ndiyo kamba ya mwisho inayomshika, na bodi ikishamfukuza, anayempokea anajulikana. Pendekeza badala yake mkataba wa kuonana nawe kila wiki na mzazi kuhusishwa.

Kama ni bangi, pombe au kuberi, hakuna sindano ya kumwachisha, ingawa wazazi wataiulizia. Ni mazungumzo, ratiba mpya na kitengo cha afya ya akili hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kama amefika kwenye unga, hata ule unaovutwa umechanganywa na bangi, hilo limepita uwezo wako. Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na jamaa zake, na daktari ndiye anayeamua nani apewe. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke. Namba za simu ziandike ukutani: 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Zote ni bure. Mzazi akitaka kumpeleka nyumba ya upataji nafuu (soba), aulize kwanza kama imesajiliwa, kama inapokea watoto, na kama mtoto anaweza kutembelewa. Pakiwa na minyororo, aondoke naye hapohapo.

Rudia vikaratasi

Muhula ukiisha, toa vikaratasi vilevile kwa kidato kilekile. Wakati watoto wanakua, matumizi huongezeka yenyewe, kwa hiyo usikate tamaa kwa namba iliyopanda kidogo; linganisha na wanafunzi waliokuwa kidato hicho mwaka uliotangulia kama una kumbukumbu zake. Tazama zaidi makadirio: yakishuka kuelekea hesabu halisi, vipindi vinafanya kazi. Namba ikipanda kwa kidato ulichokifundisha na haikupanda kwa kingine, simamisha vipindi, kaa na wanafunzi wachache unaowaamini uwaulize wanasikia nini unapofundisha. Kwa wazazi sina kipimo cha maana zaidi ya hiki: nahesabu simu wanazonipigia wao, si ninazopiga mimi. Hesabu iwekwe kwenye faili moja, isiyo na jina la mtoto yeyote, ili ukihamishwa Januari mwalimu anayekuja asianze upya.